Kati ya Bao na Bao

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mshambuliaji katika mchezo wa mpira ni kufunga mabao. Dhana hiyo si uwongo, lakini ni sehemu tu ya kweli. Mkulima huvuna kwa siku chache. Hulima, hupanda, hupalilia na huamia ndege kwa miezi mingi. Hakuna mwenye akili asemaye kwamba kazi ya mkulima ni kuvuna. Lakini mchezaji wa mpira tumemfanyia dhuluma hiyo. Twamwona siku ya mavuno, twampigia makofi, kisha twarudi nyumbani tukiamini kwamba tumeyaona maisha yake yote.

Katika insha hii nataka tuyatazame pamoja maisha ya mshambuliaji mmoja wa mji wetu wa Nairobi, Dennis Oliech, aliyeichezea timu ya taifa ya Kenya tangu mwaka 2002 hata 2015, na ambaye sasa amekwisha kutundika daluga zake. Mabao yake nitayasimulia, maana yastahili kusimuliwa. Lakini nitakuomba, msomaji, ukaze macho zaidi juu ya yale yaliyo kati ya bao moja na jingine, kwa kuwa huko ndiko mtu aishiko.

Kwanza nikwambie kwa nini nimelichagua jambo hili. Mimi ni mwalimu. Nilipotoka chuo cha ualimu nilipewa kazi katika shule ya sekondari hapa Kabiro, upande wa Kawangware, na baadhi ya wanafunzi wangu huja kwa miguu kutoka Kibera kila asubuhi. Nyumba za mtaa huu ni za mabati na zimebanana. Mikokoteni ya maji hupishana na matatu kwa shida, na mahali palipo wazi pasipojengwa ni pachache. Lakini palipo na upenyo wa hatua ishirini, hapo pana mchezo. Mawe mawili ni lango. Mpira ni karatasi za nailoni zilizosokotwa na kufungwa kwa kamba mpaka zikapata umbo la duara. Mvua ikinyesha wacheza katika matope. Jua likiwaka wacheza katika vumbi.

Kila mwanzo wa mwaka huwapa wanafunzi wangu insha juu ya kazi watakazozifanya watakapokuwa watu wazima. Wako watakao udaktari, wako watakao uanasheria, na kila mwaka wako wengi, wavulana na wasichana pia, waandikao kwamba watacheza mpira Ulaya. Mimi siwacheki. Huwezi kuicheka ndoto ya mtoto wa Kawangware wakati mtu wa ndoto hiyo alitoka karibu hivi. Lakini pia siwezi kuisahihisha insha hiyo kwa kalamu nyekundu, nikaweka alama na kufunga daftari, kana kwamba ni habari ya sarufi tu. Mtoto ameniuliza swali juu ya maisha yake. Insha hii ni jibu langu.

Dennis Oliech alizaliwa Nairobi tarehe 2 Februari 1985. Katika ujana wake alipitia timu ya Dagoretti Santos, ya upande huu wetu wa magharibi ya mji, kisha akajiunga na Mathare United, ya upande wa pili. Yafaa ujue namna timu hii ya Mathare ilivyotokea. Mwaka 1987 palianzishwa huko Mathare chama cha michezo cha vijana, na mwanzilishi wake alikuwa Bob Munro, mtu wa Kanada. Chama hicho kilikuwa na sharti lisilo la kawaida: timu ilipata alama kwa kushinda mchezo, na tena ilipata alama kwa kusafisha mtaa. Vijana walizoa taka na kuzibua mitaro, na kazi hiyo ikahesabiwa katika msimamo wa ligi sawa na ushindi wa uwanjani. Katika chama hicho ndimo ilimozaliwa Mathare United mwaka 1994. Liangalie sana sharti lile, msomaji. Lilimfundisha kijana kwamba mchezo hauanzi refa apulizapo kipenga, wala hauishi apulizapo mara ya mwisho.

Sasa tuje kwenye mabao. Mwezi wa Julai 2003 Kenya ilicheza na Cape Verde hapa Nairobi kutafuta nafasi ya kwenda kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Kenya haikuwa imefika huko tangu mwaka 1992. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nyumbani kwetu hapakuwa na televisheni. Nilisikiliza mchezo huo nje ya kibanda cha kinyozi, pamoja na watu wazima wasiopungua thelathini, redio ikiwa imewekwa dirishani na waya wa kupokelea sauti umefungwa kwenye msumari wa paa. Kinyozi alikuwa na mteja kitini ambaye kichwa chake kilikuwa kimenyolewa nusu, na wote wawili hawakuwa na habari na kichwa hicho. Bao lilikuwa moja tu, na mfungaji alikuwa Oliech, kijana wa miaka kumi na minane. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma akigawa mahindi yake bure, akisema kwamba siku hiyo hakuna biashara.

Miezi saba baadaye Kenya ilikuwa Tunisia. Ilifungwa na Mali mabao 3 kwa 1, kisha ikafungwa na Senegal mabao 3 kwa 0. Mchezo wa tatu ulikuwa na Burkina Faso, mjini Bizerte, siku ya Jumatatu tarehe 2 Februari 2004. Kenya ilishinda mabao 3 kwa 0. Wafungaji walikuwa Emmanuel Ake, Dennis Oliech na John Baraza. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali za kombe hilo tangu ilipoanza kushiriki mwaka 1972. Ukizilinganisha tarehe utaona kwamba Oliech alifunga bao lake siku ileile aliyotimiza miaka kumi na tisa. Timu ilikuwa imekwisha kutolewa katika mashindano, lakini haikurudi nyumbani mikono mitupu.

Hapa naomba nifanye kazi yangu ya ualimu. Chukua kalamu na karatasi. Hesabu itajwayo mara nyingi ni kwamba Oliech aliifungia Kenya mabao 34 katika michezo 76. Kama alicheza kila mchezo tangu mwanzo hata mwisho, hizo ni dakika 6,840, yaani saa 114. Sasa tukadirie kwamba kila bao huchukua sekunde tatu, tangu mpira unapoondoka mguuni mpaka unapotikisa wavu. Mabao 34 ni sekunde 102. Hazifiki dakika mbili. Basi katika saa 114 za jasho, utukufu tunaoukumbuka ni wa muda usiotosha kuchemshia kikombe cha chai.

Saa zile nyingine alikuwa akifanya nini? Alikuwa akikimbia asipopewa mpira. Alikuwa akijipenyeza kati ya walinzi wawili ili mwenzake apate nafasi. Alikuwa akipigwa viatu vya miguu, akianguka, akiinuka. Alikuwa akikosa, na kuzomewa kwa kukosa, kisha akisimama tena mahali palepale ili akose tena au apate. Mshambuliaji ni mtu wa kungoja, lakini kungoja kwake si kwa mtu aketiye kivulini. Hungoja huku akikimbia. Wazee walisema subira yavuta heri. Lau wangalimwona mshambuliaji mwema, wangaliongeza kwamba subira nayo yataka pumzi.

Tena, msomaji, zingatia jambo jingine: katika michezo 76, mabao 34 ni chini ya bao moja katika kila michezo miwili. Kwa hiyo mmoja wa washambuliaji bora kabisa waliopata kuzaliwa nchini alirudi nyumbani bila bao mara nyingi kuliko alivyorudi nalo. Kama wewe hukasirika na kutupa kitabu kwa sababu hesabu tatu zimekushinda jioni moja, ifikirie habari hiyo kabla hujalala.

Kisha kijana huyu alichukuliwa na timu ya Al-Arabi ya Qatar. Huko ndiko alikokutana na mtihani usiokuwa wa miguu. Magazeti yalisimulia sana kwamba alitakiwa achukue uraia wa Qatar, avae fulana ya taifa lile, na alipwe fedha nyingi, naye akakataa. Ili uuone uzito wa jambo hilo, kumbuka siku zenyewe. Mwaka 2003 mkimbiaji wetu Stephen Cherono alichukua uraia wa nchi hiyohiyo, akabadili jina akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo akaishindia Qatar medali ya dhahabu mjini Paris katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mwaka 2004 hata wakuu wa mpira wa dunia walilazimika kutoa amri kwamba mchezaji hawezi kuchezea taifa asilokuwa na uhusiano nalo wa dhahiri, kwa sababu Qatar ilikuwa ikiwatafuta pia wachezaji wa Brazil.

Sisemi haya ili nimhukumu Cherono. Mtu aliyezaliwa katika uhitaji, na mwenye jamaa wanaomtazama, hana lawama rahisi mbele ya mlango wa mali uliofunguka. Mimi na wewe hatujasimama mbele ya mlango huo. Lakini nasema kwamba kukataa kwa Oliech kulikuwa kati ya bao na bao. Hakuna wavu uliotikisika siku hiyo, hakuna redio iliyopiga kelele, na katika jedwali la mabao yake hakuna mstari wa siku ile. Hata hivyo, lau angekubali, mabao mengi kati ya yale 34 yasingehesabiwa kwetu. Nami naona kwamba jambo kubwa kuliko yote aliyoitendea nchi yake alilitenda akiwa amesimama tu, bila mpira.

Mwaka 2005 alivuka bahari akaenda Ufaransa, kwanza Nantes, kisha Auxerre, alikokaa mpaka mwaka 2013. Auxerre si jiji kubwa. Ni mji wa kando ya mto Yonne, wenye watu wasiofika elfu arobaini. Ukiuweka pamoja na Kawangware yetu utapotea kama punje katika gunia. Timu yake ilianzishwa mwaka 1905 na padri aliyeitwa Deschamps, na uwanja wake waitwa kwa jina la padri huyo hata leo. Huko Oliech alicheza katika baridi ambayo mtoto wa Nairobi haijui, katikati ya watu wasemao lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Katika msimu wa 2009–10 timu hiyo ya mji mdogo ilishika nafasi ya tatu katika Ufaransa nzima, na msimu uliofuata ikaingia katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Iliwekwa kundi moja na Real Madrid, Milan na Ajax. Hizo zilikuwa siku za neema kwa Wakenya waupendao mpira, maana mwezi wa Mei 2010 McDonald Mariga, kijana mwingine wa Nairobi, alikuwa katika kikosi cha Inter kilichotwaa kombe hilo.

Lakini siku za neema hazikai. Mwaka 2012 Auxerre ilishuka daraja. Mwaka 2013 Oliech alikuwa katika timu ya Ajaccio, katika kisiwa cha Corsica alikozaliwa Napoleon. Na huko palitokea mkutano ambao mimi naupenda kuufikiri kuliko michezo mingine mikubwa. Mwalimu wa timu hiyo katika nusu ya pili ya mwaka huo alikuwa Mwitalia, Fabrizio Ravanelli, naye alikuwa mshambuliaji aliyestaafu.

Yafaa umjue Ravanelli. Alizaliwa Perugia mwaka 1968, na kichwa chake kiliota mvi angali kijana. Mwaka 1996 aliifungia Juventus bao katika fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Roma, dhidi ya Ajax, na Juventus ikatwaa kombe kwa mikwaju ya penalti. Mwaka huohuo alikwenda Uingereza katika timu ya Middlesbrough, na katika mchezo wake wa kwanza wa ligi akaifunga Liverpool mabao matatu. Kila alipofunga alijifunika uso kwa fulana yake na kukimbia kama kipofu mwenye furaha. Alifunga sana msimu ule, na mwisho wa msimu timu yake ikashuka daraja. Mabao ya mtu mmoja hayakutosha kuwaokoa watu kumi na mmoja.

Mtu huyu ndiye aliyekuja kuwafundisha wengine kule Ajaccio. Aliyajua mabao kama mvuvi ajuavyo bahari. Lakini timu yake ilishindwa mara kwa mara, na kabla ya mwaka 2013 kwisha alikuwa amekwisha kuachishwa kazi. Mwaka 2014 Ajaccio nayo ikashuka daraja. Kufunga bao ni kazi moja, na kumfundisha mwingine afunge ni kazi ya pili. Umahiri wa kwanza hauendi wenyewe kwa pili, bali hujifunzwa upya tangu alifu. Hili nalijua kwa kazi yangu. Chuoni tulikuwa na wenzetu waliokuwa hodari wa hesabu kupita sote, ambao waliposimama mbele ya watoto hawakueleweka. Na tulikuwa na wengine wa akili ya wastani ambao watoto waliwafuata mpaka mlangoni wakiwauliza maswali.

Oliech aliondoka Ajaccio mwaka 2015 akaenda kucheza Dubai, kisha jina lake likapungua kusikika. Mwezi wa Januari 2019 alirudi nyumbani akajiunga na Gor Mahia, naye alikuwa akikaribia kutimiza miaka thelathini na minne. Watu walikwenda uwanjani kumtazama yule kijana wa 2003. Wakamwona mtu mzima. Alijua bado mahali mpira utakapoangukia, lakini mara nyingine mguu ulifika baada ya akili. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa ameachana na timu hiyo, na mpira wa ushindani ukawa umefika mwisho wake.

Ujana ni moshi, walinena wahenga, ukienda haurudi. Lakini pima maneno haya kwa kazi mbalimbali. Mimi nina miaka thelathini na mitano. Katika chumba cha walimu bado naitwa kijana, na hutumwa kubeba madawati. Mwalimu wa Kenya hustaafu akiwa na miaka sitini, kwa hiyo nimebakiwa na miaka ishirini na mitano ya kujifunza kazi yangu. Mshambuliaji wa miaka thelathini na minne ni mzee. Oliech alianza kuichezea nchi akiwa na miaka kumi na saba, akamaliza mpira wake akiwa na miaka thelathini na minne. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya miaka kumi na saba. Mtu akijaliwa kuishi miaka sabini, hiyo ni robo ya umri wake. Robo tatu zilizobaki huishi kama wewe na mimi, bila kipenga.

Mwaka uleule wa 2019, mwezi wa Julai, Kenya ilimzika mshambuliaji mwingine, Joe Kadenge, nyota wa miaka ya 1960. Watangazaji wa redio walilitaja jina lake mara nyingi hata likawa usemi wa watu wote: "Kadenge na mpira." Hata leo mtu asiyepata kumwona akicheza hulisema neno hilo. Wachezaji wa zama zake hawakupata utajiri kwa mpira. Wengi walicheza jioni baada ya kazi nyingine za kutwa. Uzeeni Kadenge aliugua kwa muda mrefu. Methali yetu husema mcheza kwao hutunzwa. Nimeifundisha methali hii darasani mara nyingi, na kila nifundishapo mwanafunzi mmoja huniuliza kama ni kweli. Nami hujibu kwamba methali nyingine zaeleza yaliyopo, na nyingine zaeleza yapasayo. Hii ni ya namna ya pili. Wajibu wa kuigeuza iwe ya namna ya kwanza ni wetu sisi tunaopiga makofi.

Sasa nitakuhadithia jambo la karibu zaidi, na jina la mhusika nitalificha. Miaka kadhaa iliyopita palikuwa na mvulana katika Kidato cha Pili ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa na baraka. Alipokuwa na mpira, hata mamalishe walisimama kutazama, na chapati zikaungua. Siku moja akaja mtu mjini, aliyevaa vizuri na mwenye simu mbili, akasema kwamba yeye hutafutia vijana timu nje ya nchi. Akataka fedha za pasipoti, fedha za daktari na fedha za safari. Mama wa mvulana alikuwa fundi wa nguo sokoni. Aliuza cherehani yake. Mtu yule alizipokea fedha, akatoa karatasi yenye mhuri, na toka siku ile simu zake zote mbili hazikuita tena.

Kijana alikaa nyumbani mwaka mzima kwa aibu. Mama alishona kwa mkono, akakodi cherehani ya mwingine kwa zamu za usiku, na alipopata karo akamrudisha shuleni. Alirudi akakaa dawati la nyuma na watoto aliowazidi umri. Alimaliza masomo yake. Mpira hajauacha, hucheza siku za Jumamosi, na wakati wa likizo huwafundisha watoto wadogo bila malipo. Kila nimwonapo akiwapanga watoto wale mistari miwili, huwaza kwamba mtu yule mwenye simu mbili hakumwibia mama fedha tu. Aliiba neno Ulaya, akalifanya mtego. Na mtego huo humnasa yule ajuaye habari za mabao, asiyejua habari za yaliyo katikati. Mvulana alikuwa amesikia kwamba Oliech alifika Ufaransa. Hakuwa amesikia kwamba alipitia timu ya mtaa, kisha ligi ya nchi yake, kisha timu ya taifa, kisha Qatar, na ndipo akafika. Ajuaye ngazi zilivyo hawezi kudanganywa na mtu amwambiaye kwamba atamrusha juu ya paa.

Kwa ajili hiyo, mwanafunzi uandikaye kwamba utacheza mpira, sikukatazi. Nakuuliza maswali matatu, nawe yajibu kwa kweli, si mbele yangu bali mbele ya nafsi yako. La kwanza: je, unaupenda mchezo usipokuwa na mpira mguuni? Kama wapenda sekunde 102 tu, na zile saa 114 zakuchosha, hiyo si kazi yako. La pili: je, unaijua ngazi ijayo mbele yako, iliyo ya karibu, hapa mtaani, isiyotaka mama yako auze kitu? La tatu: utakuwa nani utakapokuwa na miaka thelathini na mitano? Hili la tatu ndilo shule iliyowekewa. Hatuwafundishi kusoma, kuhesabu na kusema kwa adabu ili tuwazuie wasicheze. Twawafundisha ili mkataba ukiletwa mbele yenu muusome wenyewe, fedha zikija mzihesabu wenyewe, na mguu ukichoka mtu asichoke pamoja nao.

Na wewe usiyetaka kucheza, bali watazama tu, nina kazi ndogo ya kukupa. Mchezo ujao utakaouona, uwe wa uwanja mkubwa wa Kasarani au wa mawe mawili nyuma ya nyumba yenu, mchague mshambuliaji mmoja. Mtazame yeye peke yake kwa dakika kumi, wala usiufuate mpira uendako. Utamwona akikimbia mara tano bila kupewa. Utamwona akiinua mkono na hakuna amwonaye. Utamwona akirudi nyuma kuwasaidia wenzake, akipangusa uso kwa fulana, akitazama kamwamba ya lango kana kwamba ana deni nayo, kisha akikimbia mara ya sita. Huenda bao lisiingie katika dakika hizo kumi. Usihuzunike. Utakuwa umeiona kazi yake.